Mchumaji na Mwenye Shamba: Kwa Nini Waimbaji Wakongwe Hawapumziki

Yafuatayo ni mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni.



Wiki hii nina barua kutoka Wete. Mwenye barua ni kijana wa skuli, na swali lake ni fupi. Anasema ameona picha za wanamuziki wa roki wa Uingereza na Marekani, watu wa umri wa kuitwa babu, wakirukaruka jukwaani mbele ya maelfu ya watu. Leo wako London, kesho Paris, kesho kutwa Tokyo. Anauliza: "Wazee hawa hawachoki? Fedha wanazo na sifa wanazo. Kwa nini hawakai nyumbani wakalea wajukuu?"

Swali hili nimelipenda, kwa sababu hata sisi hapa visiwani tumewahi kuulizana hilo hilo, tena juu ya bibi yetu wenyewe. Nani asiyekumbuka watu walivyobishana mabarazani juu ya Bi Kidude? Mmoja anasema, "Mwacheni bibi wa watu apumzike." Mwengine anamjibu, "Mkimkataza kuimba mtamuua." Basi leo tuliangalie jambo hili kwa utulivu. Tutazame safari ya mwanamuziki mkongwe inakwendaje, nani anaitengeneza, fedha yake inapita wapi, na kwa nini wengine wanaweza kuacha na wengine hawawezi. Na kwa kuwa tuko Pemba, nitaomba msaada wa mkarafuu kulieleza.

Tuanze na mkarafuu. Msimu ukifika, watu wa aina mbili huonekana shambani. Yupo mwenye shamba na yupo mchumaji. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Akipanda, anapata, asipopanda, hapati. Akiumwa siku tatu, siku tatu hizo hana kitu. Akizeeka na magoti yakagoma, pishi nazo zinagoma. Mwenye shamba ni mwengine. Naye ana taabu zake, hilo hatulikatai: kupalilia, kuanika, kulinda mvua isiharibu majamvi. Lakini miti ni yake. Akizeeka ataweka mtu achume, na akifa wanawe watarithi. Wote wawili wanaila karafuu ile ile, lakini mmoja anakula jasho la siku na mwengine anakula mti.

Sasa tushike hivyo hivyo twende nayo kwenye muziki.

Mwanamuziki ana pato la namna mbili. La kwanza ni la jukwaani. Anaimba usiku huu, analipwa kwa usiku huu. Hilo ni pato la pishi. La pili ni la wimbo wenyewe. Kila unapouzwa, unapopigwa redioni, unapotiwa katika filamu au tangazo la biashara, mwenye wimbo hupata chake, hata kama wakati huo amelala kwake. Hilo ni pato la mti. Ukitaka kujua kwa nini mwimbaji fulani mwenye mvi bado yuko safarini, usimuulize umri wake. Uliza kwanza: ana miti, au anachuma kwa pishi?

Fatuma binti Baraka, ambaye sote tulimjua kwa jina la Bi Kidude, alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, binti wa mfanyabiashara wa nazi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa popote. Alipofariki dunia tarehe 17 Aprili 2013, wengi waliamini kwamba amepindukia miaka 100. Utotoni alizisikiliza nyimbo za Siti binti Saad mpaka zikamkaa moyoni. Aliozwa akiwa mdogo, akaikimbia ndoa ile, akavuka bara, akaimba Dar es Salaam, na katika miaka ya 1940 akarejea Unguja. Kwa miaka mingi baada ya hapo alijulikana zaidi kwa unyago, kwa ngoma yake ya msondo, kwa kupaka watu hina na kwa dawa za miti shamba. Muziki ulikuwa haujampeleka ng'ambo ya bahari.

Hapa ndipo pa kushangaza. Safari zake za nchi za nje zilianza kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980, alipokuwa akifuatana na Mohamed Ilyas na kikundi cha Twinkling Stars. Yaani umri ambao mtumishi wa serikali amekwisha kuchukua kiinua mgongo chake na kukaa barazani, ndio umri ambao Bi Kidude alianza kuzoea viwanja vya ndege. Akaenda Ulaya, akaenda Japani. Mwaka 1998 ikatoka sahani yake iliyopewa jina la Zanzibar. Mwaka 2005, kule Gateshead, Uingereza, alitunukiwa tuzo ya WOMEX, ambayo hutolewa katika soko kubwa la biashara ya muziki wa mataifa. Mwaka 2006 ikatoka filamu ya maisha yake, As Old as My Tongue, iliyotengenezwa na Andy Jones.

Watu wa Ulaya walimshangaa. Bibi mwenye mikunjo, amefunga kanga, sigara haiko mbali, anakaa juu ya msondo na kuupiga, sauti inatoka kavu na nzito kama ya mtu anayesuta. Wapenzi wa roki wakasema huyu ndiye hasa, hawa wetu wanaiga tu. Na mwenyewe akisema kuwa anapoimba hujiona msichana mdogo.

Walakini, ndugu msikilizaji, tujiulize. Nyimbo nyingi alizoziimba bibi huyu zilikuwa za kale, nyengine za Siti binti Saad mwenyewe, kama ule wa Kijiti. Alizipokea, akazitia sauti yake, akazifanya zisikike upya. Lakini mkono wa sheria hauangalii nani ameufufua wimbo. Unaangalia nani ameutunga na nani ameandikwa katika mkataba. Kwa hivyo sifa ilikuwa kubwa, na ilikuwa sifa ya mchumaji hodari kuliko wote kondeni. Ilimbidi apande.

Tuone sasa safari hizo zinatengenezwaje, maana wengi wetu tunaona ndege na maua tu.

Safari ya muziki huanza mwaka mmoja au zaidi kabla ya siku yenyewe. Yupo mtu anayeitwa wakala. Kazi yake ni kuzungumza na wenye matamasha na wenye kumbi, na kupanga tarehe zifuatane vizuri, ili kikundi kisikae siku tano hotelini bila ya kazi, kwa sababu siku isiyo na onyesho hula fedha ya siku yenye onyesho. Wakala hukata sehemu yake, mara nyingi baina ya asilimia 10 na 20. Baadaye huja promota, ambaye ndiye mwenye ukumbi au tamasha. Huyu hulipa kwa njia moja kati ya mbili. Ama anaahidi fedha maalumu, watu waje wasije, ama anagawana na mwanamuziki fedha ya kiingilio. Wakubwa wa roki hupata vyote viwili: uhakika kwanza, na mlango ukifurika wanaongezewa. Wadogo hupewa kima kimoja, basi.

Baada ya hapo zinakuja viza, bima, tikiti za ndege, gari ya kutoka mji mmoja kwenda mwengine, mafundi wa sauti, na karatasi za forodha za vyombo vya muziki, ili udi na ganuni visije vikadaiwa ushuru kama bidhaa. Na katika nchi nyingi serikali ya huko hukata kodi yake papo hapo katika malipo ya msanii mgeni, kabla hajaishika fedha mkononi.

Nitapiga hesabu ya mfano, ili msikilizaji aone kwa macho yake. Tuseme kikundi cha taarab cha watu 12 kimepata maonyesho 10 Ulaya, kila moja kwa Euro 5,000. Jumla ni Euro 50,000. Mtu akizisikia hizo hapa Chake Chake atasema wamekwisha tajirika. Haya, tuhesabu. Tikiti za ndege, tuseme Euro 1,000 kwa kila mtu, ni 12,000. Viza na bima, 2,000. Basi na dereva kwa wiki tatu, 8,000. Wakala asilimia 15, ni 7,500. Kodi ya huko, tuseme nayo asilimia 15, ni 7,500 nyengine. Jumla ya kutoka ni 37,000. Zilizobaki ni 13,000. Wagawie watu 12, kila mmoja atapata kiasi cha Euro 1,083 kwa wiki tatu za kulala huku na kule, na hapo tumejaalia kwamba chakula na malazi vimetolewa na wenyeji. Si haba, lakini si utajiri.

Sasa wapunguze wafike watu 5. Tikiti zitakuwa 5,000, viza na bima kiasi cha 800, gari ndogo 4,000, wakala 7,500 na kodi 7,500. Zinatoka 24,800, zinabaki 25,200, na kila mmoja anapata zaidi ya Euro 5,000. Umeona? Mfuko ni ule ule, lakini mgao umekua karibu mara tano. Ndiyo sababu taarab inayosafiri ni nyembamba kuliko taarab ya nyumbani. Fidla nne zinakuwa moja, waitikiaji wanabaki nyumbani, na pengine mpiga besi anaambiwa apige na dumbaki. Si kwamba wazungu hawapendi kikundi kamili. Hesabu ndiyo inayokata watu.

Na mkongwe ndiye asiyekatwa. Jina lake ndilo lililouza tikiti. Wapigaji wanaweza kubadilishwa, lakini mwenye jina habadilishwi. Kwa hivyo mzee wa miaka 80 au 90 anakuwa kama mlingoti wa jahazi: ukiuondoa, safari imevunjika, na pamoja nayo riziki ya watu wengine kumi. Msikilizaji anayeuliza kwa nini wazee hawa hawaachi, na afahamu kuwa mara nyengine si wao tu wasioacha. Kuna wengi wanaowategemea ambao hawawaachi.

Jambo hili tulilishuhudia kwetu. Mwaka 2012 kulitokea mvutano wa hadharani juu ya Bi Kidude. Jamaa zake walikuwa na rai yao, na watu wa muziki walikuwa na rai yao. Aendelee kupanda jukwaani, au akae? Nani msemaji wake? Habari zile zilienea mpaka nje ya nchi, na zikawa sababu ya Andy Jones kutengeneza filamu ya pili. Mimi sitaki kumhukumu mtu. Nataka tuone chanzo cha mvutano wa namna ile. Mtu mwenye mti hagombewi hivyo, kwa sababu mti unajulikana uko wapi na ni wa nani. Anayegombewa ni yule ambaye mali yote imo ndani ya kifua chake, na kifua hicho kinazeeka.

Turudi kwa wale babu wa roki wa kijana wetu wa Wete.

Miongoni mwao yuko mmoja ambaye angeweza kuwa wetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Alipelekwa India kusoma, akarudi Zanzibar mwaka 1963, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Huko ndiko alikojiita Freddie Mercury, na mwaka 1970 akaanzisha na wenzake kikundi cha Queen. Ziara yao kubwa ya mwaka 1986 ilikuwa na maonyesho 26 Ulaya, na la mwisho lilikuwa Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti. Hakupanda tena jukwaani na Queen katika ziara baada ya hapo. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991, naye hakuwahi hata kufika miaka 46. Zanzibar hakurejea kuimba. Lakini nyimbo zake zinauzwa hadi leo, kwa sababu yeye na wenzake walikuwa watunzi wa nyimbo zao wenyewe. Walipanda miti.

Tazama tofauti ilivyowapata wenzake waliobaki. John Deacon, mpiga besi, alijitoa katika muziki mwaka 1997 na kukaa kimya nyumbani. Aliweza, kwa sababu alikuwa mtunzi na chake kinamfuata alipo. Brian May na Roger Taylor walichagua kuendelea. Waliingia barabarani na mwimbaji kijana, Adam Lambert, na ziara yao iliyoanza mwaka 2019 ilimalizikia Tokyo mwezi Februari 2024, wakiwa wote wawili wamepita miaka 70. Huyu alikaa, wale walikwenda, na hakuna aliyelazimishwa na njaa. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na shamba. Mwenye shamba ana hiari.

Wengine wameuza shamba zima. Bob Dylan aliiuzia kampuni ya Universal haki za nyimbo alizotunga mwaka 2020. Bruce Springsteen naye akauza zake kwa Sony mwaka 2021. Ni kama mzee anayeona wanawe hawataki kilimo, akauza mikarafuu kwa jumla na kujigawia fedha yake angali hai. Na bado wote wawili waliendelea kuzunguka na kuimba.

Hapo kijana wetu atanidaka aseme, "Basi Maalim, nadharia yako imeanguka! Kama wana miti, au wameiuza kwa mamilioni, kwa nini hawatulii?"

Hakika, mti peke yake haujibu kila kitu. Yapo majibu mengine mawili. La kwanza ni la soko. Mauzo ya sahani na kaseti duniani yalifika kilele mwaka 1999, kisha yakaporomoka kwa kiasi cha miaka 15, kwanza kwa sababu ya kunakili bure kwa kompyuta, baadaye kwa sababu watu waliacha kununua na kuanza kusikiliza kwa intaneti, ambako wimbo mmoja huleta senti kidogo sana. Zamani mwanamuziki alikwenda ziara ili auze sahani. Leo mambo yamegeuka, sahani hutolewa ili kuwe na sababu ya ziara. Hata wenye mashamba, basi, waliona bei ya mazao yao imeshuka, na soko pekee lililopanda bei ni kumuona mtu mwenyewe, kwa macho, akiwa hai. Elton John alipoaga, kuaga kwenyewe kulichukua miaka mitano, kuanzia 2018 hadi Stockholm tarehe 8 Julai 2023, maonyesho zaidi ya 300.

Jibu la pili ni la moyo. Mick Jagger wa Rolling Stones alikuwa na miaka 80 alipozunguka Marekani mwaka 2024. Mtu huyu hahitaji posho. Lakini aliyezoea kwa miaka 60 kusikia maelfu wakiitikia neno lake, mchukue umkalishe kwenye kiti cha bustanini uone kitakachomtokea. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa hilo. Nenda Kengeja siku ya mchezo wa ng'ombe, umtazame mzee aliyekuwa hodari zamani. Magoti hayana nguvu, lakini zumari likilia mabega yake yanacheza peke yake.

Kuna na kisa cha Leonard Cohen wa Kanada, na hiki ndicho nataka vijana wakishike. Alikuwa mtunzi mkubwa, mwenye miti mingi. Alipokuwa mtu mzima aligundua kuwa meneja wake amezila akiba zake alizoweka kwa ajili ya uzee, na mwaka 2006 mahakama ilimpa haki ya kulipwa mamilioni ya dola. Kushinda kesi ni jambo moja, na kuipata fedha ni jambo jengine. Mwaka 2008, akiwa na miaka 73, akarejea barabarani. Alizunguka dunia hadi mwaka 2013, na ulimwengu ukampokea kama mfalme. Alikuwa na shamba, ila ufunguo wa ghala alimpa mtu mwengine na hakuuangalia.

Sasa tuje Pemba.

Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, na zikauzwa katika mwambao mzima. Kutoka siku ile hadi leo, muziki wa visiwa hivi umesafiri sana. Lakini ukitazama vizuri utaona kuwa ni muziki wa mji wa Unguja. Nadi Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, ni cha Mjini. Culture Musical Club ni ya Mjini. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hufanyika Mji Mkongwe. Na hata huko mambo si rahisi, maana mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha. Kuvuka mkondo wa Nungwi kuja kwetu kunaongeza gharama ya boti, malazi na usafirishaji wa vyombo, na kiingilio cha hapa hakiwezi kuzirudisha. Ndiyo hesabu ile ile ya Euro 50,000, ila kwa shilingi. Umeme nao ulikuwa kisingizio mpaka mwaka 2010, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika. Kisingizio hicho sasa kimekwisha, gharama zimebaki.

Lakini Pemba si maskini wa sanaa. Kisiwa kilichowazaa washairi kama Kamange na Sarahani si kisiwa cha kukosa maneno. Tuna msewe, tuna kirumbizi, tuna wapiga zumari ambao pumzi zao hazikatiki. Tatizo letu ni kuwa tumezoea kuchuma.

Nitakupa kisa kimoja, na sitotaja jina la mtu wala la taasisi. Katika shehia yangu yupo mzee mpiga zumari. Zamani walimjia wageni na mashine ya kurikodi. Akawapigia kutoka alasiri hadi jua linazama. Walimshukuru sana, wakampa fulana na soda, na wakamtaka atie dole gumba katika karatasi. Miaka ikapita. Siku moja mjukuu wake akamwekea simu sikioni, akamwambia, "Babu, hebu sikiliza." Ndani ya filamu ya watu wasiowajua, juu ya picha za bahari, lilikuwa zumari lake. Alilitambua kwa pale anapovutia pumzi. Akasikiliza mpaka mwisho, akacheka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Nilikuwepo. Alichouliza ni kimoja tu: "Ile karatasi niliyotia dole ilisema nini?"

Hakuna aliyeweza kumjibu, na karatasi yenyewe haikuachwa nakala.

Ndugu msikilizaji, mzee huyu hakuibiwa na jambazi. Aliliuza shamba kwa fulana moja bila ya kujua kuwa alikuwa nalo. Na leo, akiwa mtu mzima, akitaka kupata chochote kutokana na zumari, hana budi aitwe harusini, asimame kwa miguu yake na apulize kwa mapafu yake. Anapanda mti kila siku.

Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 2003, na ina ofisi yake, COSOZA. Bara wana sheria yao ya mwaka 1999 na COSOTA yao. Kwa hivyo hatuwezi kusema hakuna pa kwenda. Lakini sheria haiji kukugongea mlango alfajiri. Ni kama hati ya shamba. Usipoiandikisha wewe, ataiandikisha mwengine.

Basi kwa kila mwenye kupiga, kuimba au kutunga, aliyeko Konde, Micheweni, Mkoani au popote, kabla hujakubali safari au kurikodiwa, uliza mambo matano. La kwanza: nani anayelipa, na ni kiasi gani kabla na baada ya makato? La pili: tikiti, viza, malazi na chakula ni juu ya nani? La tatu: nikiumwa huko, nani ananitibu na nani ananirudisha? La nne: mkinirikodi, sauti hiyo itatumika wapi, kwa muda gani, na ikiuzwa mimi napata nini? La tano: nakala yangu ya mkataba iko wapi, na nani atanisomea kwa Kiswahili kabla sijatia saini? Mtu mwema hakasiriki kwa maswali haya. Akikasirika, umekwisha kujua.

Na wewe kijana wa Wete, jawabu lako ni hili. Wazee uliowaona wako wa namna tatu. Wapo wanaoimba kwa sababu wanataka. Wapo wanaoimba kwa sababu wengine wanawataka. Na wapo wanaoimba kwa sababu wakinyamaza hawali. Jukwaani wote wanang'ara sawasawa, taa hazibagui. Tofauti yao utaiona siku wanapotaka kushuka.

Mimi namuombea Bi Kidude rehema za Mola, kwa jinsi alivyotufikisha mbali. Na ninaomba mzee wetu wa zumari, na wenzake waliobaki, wasiachwe wakapanda mpaka siku ya kuanguka. Tuwaandikie kazi zao wangali hai, tuwasomee mikataba yao, na tukiwaalika tuwalipe kwa heshima.